Sufuria Mgongoni

Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka mitano, alikataa kula mkononi mwangu, na kosa lilikuwa langu. Nasema mapema usije ukasoma mpaka mwisho ukidhani kuna mtu mwingine wa kulaumiwa.

Kwetu Kongo, upande wa Fizi, mtoto mdogo halishwi kwa kijiko. Koko, yaani nyanya mzaa mama au mzaa baba, anakata bugali, ndio ugali wetu, anaviringa tonge, anabonyeza katikati kwa kidole gumba ili mchuzi ukae, analitia mdomoni mwa mtoto. Mama yangu alinilisha hivyo, watoto wangu nimewalisha hivyo, na huyu msichana nilimlisha hivyo tangu alipoota jino la kwanza. Mdogo wake, mwenye miaka mitatu, yeye anakula mkononi mwa yeyote, hata wa polisi.

Tunakaa Overport, hapa Durban, ghorofa ya tatu, mimi na binti yangu na hao watoto wawili. Binti yangu anasuka nywele saluni, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kazi kubwa, wateja wanapanga mstari tangu asubuhi. Kwa hiyo Jumamosi watoto walikuwa wangu. Nilikuwa nawapeleka bustani ya kule juu Berea, wakimbie kwenye majani, wachokoze tumbili, mchana tule, turudi. Binti yangu alinipa sharti moja tu: watoto hawapigwi. "Mama, nchi hii mtoto hapigwi," alisema. Nikasema sawa. Nilidhani ni sheria ya serikali, kama ile ya kutovuka robot, yaani taa za barabarani, ikiwa nyekundu, ambayo kila mtu anaivuka.

Sasa ngoja niseme habari ya maharagi, kwa sababu bila maharagi hutaelewa.

Hapa Durban mwezi wa tano ndio mwezi mzuri. Lile joto la Krismasi linalokulaza na taulo bichi kifuani limekwisha. Asubuhi unavaa sweta, adhuhuri unalivua. Tumbo linaanza kudai kitu kizito. Mimi naloweka maharagi ya madoadoa jioni, asubuhi nayachemsha nusu saa pamoja na mfupa wenye uboho, kitunguu, viazi vitamu, na mawese vijiko vitatu. Nusu saa, sio zaidi, umeme wa hapa unauzwa kama dawa. Nikizima, nakaza mfuniko kwa kamba ya mpira, nazungushia magazeti, halafu blanketi. Baada ya saa tatu au nne maharagi yamejipika yenyewe, laini, na yana moto wa kukutoa machozi. Mawese ndiyo yanayoshika moto. Maji yanapoa, mawese hayapoi upesi.

Upishi huu nilijifunza kambini Tanzania, ambako kuni zilikuwa za kupigania. Nikisema kupigania sitoi mfano. Mwanamke mmoja alinipasua utosi kwa gogo la mti tuliloliona wote wawili kwa wakati mmoja, na mimi nikamng'ata bega mpaka jino langu la mbele likalegea. Lilitoka wiki ile. Baadaye tukawa marafiki, ndiye aliyenifundisha kufunga sufuria kwenye majani makavu na blanketi ili kuni tatu zipike chakula cha siku nzima. Kambini hukohuko ndiko nilikosoma madarasa mawili ya watu wazima, ndiyo maana Kiswahili changu kinatembea kwa miguu miwili, mmoja wa Kongo, mwingine wa Kigoma.

Ni hivi, mimi nimekaa na vipigo maisha yangu yote. Marehemu mume wangu alinipiga kwa mwiko wa bugali, na mimi niliwapiga watoto kwa mwiko uleule, na watoto wakampiga mbuzi. Hakuna aliyeshangaa. Mbuzi tu ndiye alikuwa hana wa kumpiga.

Basi, kwenda bustani. Mtoto mmoja mkono wa kulia, mwingine mkono wa kushoto, maana magari ya Berea hayana huruma. Sufuria iende wapi? Mgongoni. Nilikuwa naifunga juu ya matabaka ya magazeti na lile blanketi la waridi lililochorwa dubu, naibeba kwa kikwembe kama mtoto mchanga, fundo juu ya matiti. Na kwa sababu moto unatokea kwenye kichwa cha mfuniko, nilikivisha kofia ya sufi ya mjukuu wangu wa kiume, ile ya bluu yenye kishada. Mgongo unapata joto zuri. Ukiwa na umri wangu na uti wa mgongo wangu, hiyo peke yake ni dawa.

Wanawake wa saluni walikuwa wanacheka kila nikipita.

"Mama, umezaa tena? Kwa miaka hiyo!"

"Nimezaa, ndiyo."

"Baba ni nani?"

"Kitunguu."

"Ndiyo maana mtoto ananuka!"

Tulicheka hivyo Jumamosi nyingi. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba mtu asiyetujua angeona mtoto kweli.

Kuna jambo la nyuma kidogo. Mwaka uliotangulia, kwenye mteremko uleule wa kufika bustani, kijana alinijia kwa nyuma, akasema "Gogo, gogo," kwa sauti ya adabu, maana gogo kwa Kizulu ndiyo koko wetu. Niligeuka kumsalimia. Akang'oa simu mkononi na hereni sikioni. Hereni ilitoka na nyama. Mpaka leo sikio langu la kushoto limechanika chini kama sikio la mbuzi aliyetiwa alama. Tangu siku ile nikisikia gogo nyuma yangu, damu inapanda kabla akili haijafika.

Jumamosi yenyewe sasa. Ilikuwa jua zuri, lisilo na nguvu. Tulikuwa tumefika karibu na ukuta wa bustani. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, nilijipaka kwa sababu ya ukavu wa majira haya, na fundo nililifunga na mikono hiyohiyo. Nilihisi sufuria inashuka kidogo. Nikasema nitalikaza tukifika. Ikashuka tena.

Nyuma yangu nikasikia mtu anakimbia. Viatu vizito. Halafu, "Gogo! Gogo!" na maneno mengine ya Kizulu nisiyoyajua. Nikaongeza mwendo, nikawavuta watoto. Viatu vikaongeza mwendo. Halafu mikono miwili ikanishika kwa nyuma, chini ya mgongo, ikakamata mzigo.

Nilimpa kiwiko. Kilimkuta mdomoni, nilisikia meno. Fundo likafunguka, kikwembe kikashuka, na sufuria ikabaki kati yetu, yeye ameshika chini, mimi nimeshika juu. Alikuwa mwanamume wa makamo, nguo za kazi za rangi ya kijani, damu kwenye ndevu. Hakuachia. Alikuwa amekumbatia kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai la mbuni. Mimi nikasema moyoni, huyu hataondoka na chakula cha watoto. Nikavuta kamba ya mpira, mfuniko ukaruka, nikamsukumia sufuria kifuani, blanketi na kofia vikaanguka pembeni.

Maharagi yalimwagika shingoni na mkono wote wa kulia. Mawese yalimshika. Sauti aliyotoa sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima tangu vita ya kwetu.

Nikapiga kelele: "Mwizi! Mwizi jamani!"

Kwenye ukuta wa bustani walikuwapo vinyozi watatu wa kwetu, wanapumzika na ubao wa drafti. Walikuja mbio. Mmoja alimpiga na ubao wenyewe, ukavunjika, kete zikaruka barabarani. Mwingine alivua mkanda. Wa tatu alikuwa na viatu vya ncha. Walimwangusha kwenye maharagi, wakampiga kama wanatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa zamu, bila kugongana. Na mimi, nisijifiche, niliokota mfuniko na kumpiga nao kichwani mara mbili. Ya pili ilimpasua juu ya jicho.

Kulikuwa na kitu kinanivuta sketi. Mjukuu wangu wa kike. Anasoma kreshi, yaani chekechea, na watoto wa hapa, Kizulu anakijua kuliko mimi ninavyojua njia ya sokoni.

"Koko, acha! Koko, alisema mtoto anaanguka! Alisema—"

Nikamzaba kofi.

Sio kofi la kusukuma. Lilikuwa kofi la mkono uliotoka kumpiga mwanamume, nguvu ilikuwa bado imo. Alianguka chini. Pua ikatoa damu, ikashuka kwenye gauni la njano. Hakulia. Aliniangalia tu, na mdogo wake akalia kwa niaba ya wote.

Hapo ndipo yule mwanamume alipoanza kutambaa. Vinyozi walidhani anakimbia, wakamwongeza mateke mawili. Hakukimbia. Alitambaa mpaka kwenye lile blanketi la dubu lililokuwa limejikunja pembeni, akalifungua kwa mkono usioungua. Akafunua gazeti. Akafunua gazeti lingine. Akaokota kofia ya sufi, akatia vidole ndani. Akatazama huku na huku barabarani, chini ya gari lililosimama, tena ndani ya blanketi.

Alikuwa anatafuta mtoto.

Mwenye mkanda akashusha mkono. "Mama," aliniuliza, "iko mtoto hapo?"

"Hapana," nikasema. "Ni maharagi."

Waliona kabla yangu wenzake yule bwana wanatoka bustanini, watu saba au wanane wa nguo za kijani, na reki za kukusanyia majani. Vinyozi wakakimbia. Mwenye viatu vya ncha aliacha kimoja. Nikabaki mimi, watoto wawili, sufuria, na mtu aliyelala kwenye chakula chetu.

Mwanamke mmoja wao aliinua reki juu yangu. Alisema makwerekwere, neno lao la kututukana sisi wageni, na hilo nalijua vizuri. Niliona meno ya reki na jua nyuma yake. Nilijua kipigo kinavyoshuka, nimekishusha mimi mwenyewe mara nyingi. Nikainama juu ya watoto. Yule mwanamume akasema kitu kutoka chini, kwa sauti ya mtu mwenye damu mdomoni. Alirudia. Akanyoosha kidole, sio kwangu, kwa watoto. Reki ikakaa hewani muda mrefu, halafu ikashuka polepole.

Walimpeleka bombani. Mimi niliokota sufuria, blanketi na kikwembe. Samahani sikusema. Nasema ukweli, neno hilo halikunijia hata kwa lugha moja. Niliwashika watoto mikono, na ule mkono wa msichana ulikuwa kama samaki aliyekufa, haukunishika.

Jioni binti yangu alirudi miguu imevimba. Alimwona mtoto kabla ya kuvua viatu.

"Mama, iko nini kwa uso ya mtoto?"

"Alianguka."

"Koko alinipiga," mtoto akasema. "Nilisema kweli na alinipiga."

Binti yangu alikaa kwenye kiti. Nikamweleza yote, maana sasa ilikuwa haina faida kuficha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuambia kitu moja tu," akasema.

"Na wewe nilikupiga, na ukakua."

"Nilikua, ndiyo. Hujawahi kuuliza nilikua namna gani."

Ana alama nyuma ya goti, ya mwiko, najua ilipo hata gizani. Alisema Jumamosi watoto wataenda kwa jirani wa ghorofa ya kwanza, anayelea watoto wa wasusi. Alisema hatamlazimisha mtoto kuniogopa wala kutoniogopa. "Siku atakubali yeye mwenyewe kutoka na wewe, atatoka. Mimi sitamusukuma."

Usiku ule nilisonga bugali. Nikaviringa tonge, nikalibonyeza, nikalichovya. Mtoto akafunga mdomo. Nikaimba kidogo, kama ninavyofanya. Akaniuliza:

"Yule baba alikula nini?"

"Yupi?"

"Wa maharagi. Alikula nini leo?"

Sikujua. Kesho yake hivyohivyo. Naviringa tonge, anauliza yule baba amekula nini, nasema sijui, anasukuma sahani. Mama yake alimpa mkate na chai, akala. Kutoka kwangu, hapana. Siku ya nne nilitaka kumfumbua mdomo kwa nguvu. Mkono ulishafika kwenye kidevu. Nikauona ule mkono, nikaukalia. Kweli, niliukalia, kwenye kiti, mpaka ukafa ganzi.

Jumamosi walipelekwa kwa jirani. Nilikaa na sufuria tupu. Nimewahi kukaa na njaa, nimewahi kukaa na maiti ndani ya nyumba siku mbili kwa sababu nje walikuwa wanapiga risasi. Jumamosi ile ilikuwa ndefu kuliko hizo.

Nikamwambia binti yangu, Jumapili saluni imefungwa, twende wote kule. Akasema, "Watakuua, mama." Nikasema basi watoto wabaki. Msichana akaja mlangoni ameshavaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto. "Tunampelekea chakula yule baba?" akauliza. Mama yake alimtazama, akainama akambadilishia viatu.

Nilipika yaleyale. Wengine wangepika kuku ili kuomba msamaha, lakini kwa kuku ningekuwa najipendekeza. Sufuria niliiweka kwenye mfuko, nikaibeba mkononi, kama bomu.

Tulimkuta kwenye kibanda cha zana, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, maana mkono wenye bendeji hauwezi reki. Jicho lilikuwa bado limevimba, jino moja la mbele halipo. Nikatazama lile pengo, nikapapasa langu kwa ulimi. Aliponiona alisimama. Alipoiona sufuria alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga bati.

Binti yangu alizungumza kwa Kizulu. Mimi nilipiga magoti, sio kwa utakatifu, ni kwa sababu sufuria ilikuwa chini. Kwetu anayempikia mtu waliyekosana naye anaonja kwanza mbele yake, ili ajue hakuna sumu. Nikafungua. Mvuke ukatoka. Nikachota kijiko kimejaa, na mawese juu, nikakitia mdomoni bila kupuliza.

Sitasema uongo, nilitaka iniunguze. Iliniunguza. Ngozi ya juu ya kinywa ilining'inia siku tatu. Machozi yalishuka na sikufuta.

Yule mwanamume alisema neno. Binti yangu akacheka bila kutaka, halafu akanigeuzia: "Anasema, gogo, hiyo iko moto. Anasema anajua."

Akala. Alikula kwa mkono wa kushoto, polepole, upande mmoja wa mdomo, na mjukuu wangu alisimama mbele yake akihesabu kila kijiko kama askari wa gereza. Alipomaliza aliongea na binti yangu kwa muda, bila kucheka sasa. Wenzake walikuwa wanataka kutafuta kibanda cha wale vinyozi na saluni zote za jirani yake, wachome. Amewazuia mara mbili. Ya tatu hajui kama watamsikiliza. Alisema pia vidole viwili vya mkono ule havikunji. Hakusema amenisamehe, na sikuuliza.

Halafu aliingia kibandani, akatoka na kofia ya bluu, imefuliwa, kishada kimechanuliwa. Akampa mjukuu wangu wa kiume. Binti yangu akanigeuzia tena: "Anasema mtoto wako alisahau kofia yake."

Tuliondoka tukakaa kwenye majani, upande wa mbali, mahali tulipokuwa tunakaa siku zote. Maharagi yalikuwa yamebaki nusu. Nikafungua bugali kwenye kitambaa. Nikakata, nikaviringa, nikabonyeza katikati, nikachovya.

"Yule baba amekula," nikamwambia msichana.

"Nimeona."

"Basi, na wewe."

Aliutazama mkono wangu. Sio tonge, mkono. Aliutazama huku na huku, kama ngazi ambayo mtu alishaanguka nayo. Halafu akapeleka mkono wake kwenye mfuko, akatoa kijiko, akachota mwenyewe kwenye sufuria. Akapuliza mara tatu. Akala. Akachota tena.

Mama yake alikuwa anatuangalia. "Jumamosi?" akamwuliza mtoto.

Mtoto alitafuna mpaka akamaliza. "Na wewe uje," akamwambia mama yake.

"Niko na kazi Jumamosi."

"Basi Jumapili. Wote."

Imekuwa hivyo. Jumamosi wapo kwa jirani, Jumapili tunatoka wote wanne, na sufuria anaibeba binti yangu. Msichana anakula chakula changu, anakula sana, anamaliza na uboho. Lakini kijiko hakimtoki mkononi.

Siku ile kwenye majani mkono wangu ulikuwa bado uko hewani, mchuzi wa mawese unashuka mpaka kwenye kiwiko. Mdogo wake, kofia imemfunika macho, akafungua mdomo akidhani tonge ni lake. Nikampa.